Gharama ya Kuisoma Dalili Vibaya

Kitu cha kawaida hugeuka kuwa dalili pale watu wanapoacha kukitazama chenyewe na kuanza kukichukua kama habari ya jambo jingine. Wingu halibadiliki kwa kuitwa dalili ya mvua, wala jicho jekundu halizidi wekundu kwa kuitwa dalili ya uchawi. Kinachobadilika ni mwenendo wa watazamaji: mkulima hutoa mbegu ghalani, majirani hupunguza salamu. Ndiyo maana suala la dalili, ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelichambua kwa karne nyingi, halimaliziki kwa kuuliza kama kitu fulani kinaashiria kweli au hakiashirii. Lina swali la pili lisiloulizwa mara nyingi, nalo ni zito kuliko la kwanza: dalili ikisomwa vibaya, ni nani atakayelipia kosa?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika miji kama Runzewe. Mji huu wa wilaya ya Bukombe uko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama, ikapita Ushirombo na kuendelea hadi Lusahunga, kisha Rwanda na Burundi. Bukombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Wenyeji wake wa zamani ni Wasumbwa, watu wa uhunzi na biashara za masafa. Msiri, aliyejijengea dola huko Katanga katika karne ya 19, alitoka kwao. Misheni ya Ushirombo ilifunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1891, mwaka uleule Msiri alipouawa. Baadaye walikuja Wasukuma na ng'ombe wao, wakaja Waha na Wazinza, wakaja wachimbaji kutoka kila upande. Kusini kuna miombo ya Kigosi, kaskazini ukanda wa dhahabu wa Geita. Mkazi wa hapo anaishi katikati ya mabadiliko ambayo chanzo chake hakiko mbele ya macho yake: bei ya dhahabu hupangwa nje ya nchi, mvua hutoka mbali, mgeni asiye na ukoo mjini hujenga ghorofa, na kijana mwenye afya huugua na kufa ndani ya wiki mbili. Katika hali hiyo watu hutafuta kitu kilicho karibu, kinachoonekana na kinachoweza kusemwa, kiwe mlango wa kuingilia katika kile kisichoonekana.

Dalili za msimu ndizo kongwe na ndizo zenye sifa njema. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu kabisa, miti ya miombo huchipua majani mapya yenye rangi ya shaba na nyekundu, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Makundi ya korongo hushuka kutoka kaskazini. Jioni za Novemba kilimia huonekana upande wa mashariki giza linapoingia, na jamii nyingi za Afrika Mashariki zimepanga kazi za shamba kwa nyota hizo. Hakuna mzee anayedai kwamba jani jekundu ndilo linaloleta mvua. Mti hujibu joto na urefu wa mchana, ukitumia maji uliyoyahifadhi shinani na yale ambayo mizizi yake huyafuata chini kabisa. Mvua nayo huja na ukanda wa mawingu unaolifuata jua likielekea kusini. Mambo mawili yanakwenda pamoja kwa kuwa yote yanaongozwa na jua lilelile. Msomaji wa dalili hahitaji kuijua sababu hiyo ili afaidike nayo.

Kinachozifanya dalili hizi ziaminike si ukongwe wake, bali ni jinsi zinavyosahihishwa. Mkulima aliyepanda mahindi mapema kwa kuamini majani, kisha mvua ikakatika, hupoteza mbegu zake mwenyewe na nguvu za jembe lake mwenyewe. Mwaka unaofuata atasubiri dalili ya pili na ya tatu kabla ya kupanda. Kwa vizazi vingi njaa imechuja dalili hafifu na kuacha zile zinazofaa, na mchujo huo haukuhitaji maabara. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo husoma dalili, za aina yake: joto la maji ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwelekeo wa pepo, kisha hutangaza msimu kwa lugha ya uwezekano, kwamba mvua inatarajiwa kuwa ya wastani, juu ya wastani au chini yake. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, wataalamu wa hali ya hewa wamewahi kukaa pamoja na watabiri wa ukoo wa Nganyi, wanaosoma miti, wadudu na ndege wa msitu wao mtakatifu, ili kulinganisha utabiri wa pande mbili na kutoa kauli moja kwa wakulima. Mazungumzo ya namna hiyo yanawezekana kwa sababu pande zote zinakubali kusahihishwa na kitu kimoja: mvua yenyewe, ambayo itanyesha au haitanyesha.

Mtu wa kwanza kuzipanga dalili kwa makini katika fikra za Kikristo alikuwa Mwafrika wa kaskazini, Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu chake juu ya mafundisho ya Kikristo, alichoanza kukiandika karibu na mwaka 396, alitenganisha dalili za asili na dalili zinazotolewa kwa kusudi. Moshi ni dalili ya asili ya moto, unyayo ni dalili ya mnyama aliyepita. Havikukusudia kumwambia mtu lolote. Neno, bendera na ishara ya mkono hutolewa na mtu anayetaka kueleweka. Mgawanyo huu una faida kubwa, kwa kuwa makosa mengi ya kusoma dalili huanzia hapo: kitu kisicho na kusudi lolote huchukuliwa kana kwamba kina ujumbe, na ujumbe huo huchukuliwa kana kwamba umeelekezwa kwa mtu fulani. Lakini Agostino aliweka miongoni mwa dalili za asili pia uso wa mtu mwenye hasira au huzuni, na hapo mgawanyo wake unaacha pengo. Unyayo hauumii ukisomwa vibaya. Uso una mwenyewe.

Machimbo ya dhahabu yanaonyesha pengo hilo vizuri kuliko vitabu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Masumbwe au Bukombe anajua kusoma ardhi. Hutazama mshipa wa jiwe jeupe la kwatsi, hutazama jiwe lililoliwa na kutu ya chuma, na hana kosa, kwa kuwa sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita iko ndani na pembeni mwa miamba ya kale yenye mikanda ya chuma. Hata kichuguu si kitu cha kudharau: mchwa hupandisha udongo kutoka chini, na katika nchi kadhaa za Afrika wanajiolojia wamepima udongo wa vichuguu ili kujua kilichofichika. Dalili hizi zote zina hakimu wa haraka. Kipande cha jiwe husagwa, unga huoshwa kwenye karai, na mwishoni ama hubaki mstari mwembamba wa njano ama haubaki. Anayekosea amepoteza jasho lake, na kabla jua halijazama anajua kwamba amekosea.

Duara lenyewe, yaani shimo la kuchimbia, ni jambo jingine. Watu wanaweza kuchimba miezi mingi, mita baada ya mita, bila kufika kwenye mwamba wenye kitu, huku jirani wa hatua ishirini akitoa mifuko ya mawe yenye dhahabu. Jiolojia ina jibu, kwamba mshipa hupinda, hukatika na kunenepa bila utaratibu unaoonekana kutoka juu, lakini jibu hilo halisemi kwa nini ulinenepa upande wa jirani. Hapo ndipo mganga anapoingia. Husema nyota ya mchimbaji imefifia na inahitaji kusafishwa, au mizimu ya mahali haijaombwa, au kuna mtu kambini amefunga bahati. Kuku mweupe au mbuzi akichinjwa kwenye mdomo wa duara, gharama iko kwa mwenye duara, na wachimbaji wengi huichukulia kama sala: njia ya kuingia shimoni bila hofu. Hakuna sababu ya kuwadharau. Kazi ni ya hatari, kuta huporomoka, na mtu anayeshuka kwenye giza anastahili kuwa na neno la kujipa moyo.

Ubaya huanza gharama inapohamishiwa kwa mtu mwingine. Ualbino ni hali ya kurithi: wazazi wawili wenye ngozi nyeusi, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja ya chembe ya urithi iliyobadilika, wanaweza kumpata mtoto asiye na rangi ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 hivi huzaliwa hivyo. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliongezeka katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, yakichochewa na madai ya baadhi ya waganga kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino katika wilaya ya Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mtoto huyo alikuwa na ngozi kama ngozi ya maelfu ya Watanzania wengine, na ngozi hiyo haikusema lolote kuhusu mwamba ulioko chini ya ardhi. Waliotaka kupata ndio walioisoma, na yeye ndiye aliyelipa.

Utajiri unapopatikana, nao husomwa. Ukanda mzima wa Shinyanga na Geita unaijua habari ya ndagu, dawa ya mali inayodaiwa kuja na masharti: mwenye mali alale chini, avae nguo chakavu, asimalize nyumba yake, asitumie fedha zake kwa raha. Wengine husimulia masharti ya kutisha zaidi, ya kutoa kafara ndani ya familia. Kwa kipimo hicho, gari jipya la mfanyabiashara wa Runzewe linaweza kuwa dalili ya ndagu, na baiskeli yake mbovu inaweza kuwa dalili kubwa zaidi. Nyumba ya bati jipya husemwa, na nyumba iliyoachwa kwenye renta husemwa. Mtoto mwenye ulemavu katika nyumba ya tajiri huhesabiwa kuwa bei iliyolipwa. Dalili inayothibitishwa na kitu fulani na pia na kinyume chake haimsomi mtu yeyote. Hata hivyo mazungumzo ya ndagu yana swali la haki ndani yake, na swali hilo linafaa kusikilizwa. Mifuko ya mawe hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, na anayeshuka chini mara nyingi ndiye anayebaki na kidogo. Watu wanaposema mali ile ina damu, wanasema pia kwamba wameona nani aliumia na nani alipata. Kosa liko katika kulihamisha jambo hilo kutoka kwenye hesabu za mgawo, zinazoweza kukaguliwa, na kulipeleka kwenye masharti ya siri ambayo hakuna anayeweza kuyakagua.

Lakini katika dalili zote za ukanda huu hakuna iliyoua watu wengi kama macho mekundu.

Historia yake inapaswa kufuatwa hatua kwa hatua, maana kila hatua ni ya kawaida kabisa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, ikiongozwa kitaalamu na C. F. M. Swynnerton aliyesimamia utafiti wa mbung'o Shinyanga, iliendesha kazi kubwa ya kufyeka vichaka ili kumwondoa mdudu huyo. Ng'ombe waliongezeka, pamba ikapanuka, watu wakaongezeka, na miti ikaendelea kupungua kwa mashamba, kwa kuni na kwa mkaa, hata Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Kuni zilipokuwa haba, akina mama walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe, mashina ya pamba na mabua. Nishati hiyo hutoa moshi mzito, na jiko la mafiga matatu limo ndani ya nyumba yenye dirisha dogo au isiyo na dirisha. Mwanamke aliyeinamia moshi huo tangu utotoni, akaongezewa vumbi na vikope, hufika uzeeni akiwa na macho mekundu yenye kutoka machozi. Kwa lugha ya Agostino, macho hayo ni dalili ya asili iliyo kamili: yanaashiria moshi, moshi unaashiria moto, na moto wa kinyesi unaashiria msitu uliokwisha. Msomaji angeweza kuifuata njia hiyo mpaka kwenye kisiki. Badala yake alisimama kwenye jicho na kusema huyu ni mchawi.

Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeichunguza Usukuma kwa muda mrefu, alionyesha kwamba mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi hayakuwa tu desturi ya kale iliyokataa kufa. Zamani mtuhumiwa aliweza kufukuzwa na kuhamia himaya ya mtemi mwingine. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu akakae mahali pengine. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu wasiojuana, nyumba karibu na nyumba, huku mahakama zikidai ushahidi ambao uchawi hauna. Tuhuma zikabaki bila mahali pa kwenda. Tume ya serikali iliyofanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihesabu zaidi ya watu 3,000 waliouawa Tanzania Bara kati ya 1970 na 1984 katika matukio yaliyohusishwa na uchawi, wengi wao wanawake, na Mwanza na Shinyanga zikawa mbele. Katika muongo wa 2010 ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu bado zilihesabu mamia kwa mwaka.

Nyakati nazo ziliongeza mafuta. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla jina la kitabibu halijazoeleka, watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda: shati zuri likawa ishara ya mauti. Vijana walikufa, wazee wakabaki. Kuishi muda mrefu, jambo ambalo jamii hizi zililiheshimu kuliko karibu yote, kukageuka kuwa shtaka; ilionekana kana kwamba bibi amekula miaka ya wajukuu wake. Na pale bibi huyo alipokuwa mjane mwenye shamba ambalo shemeji au watoto wa kambo walilitaka, dalili ilipata mnunuzi.

Dola nayo iliwahi kuanguka katika kosa hilohilo la kusoma watu. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliwakamata mamia ya watu huko Mwanza na Shinyanga kwa kushukiwa kuhusika na mauaji ya wanaotuhumiwa uchawi, na baadhi yao waliteswa na kufa wakiwa mahabusu. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakuwa ametoa amri ya mateso. Kwa kujiuzulu kwake, angalau sehemu ndogo ya gharama ya kosa iliwafikia waliokuwa na mamlaka ya kushuku, jambo ambalo ni nadra katika historia nzima ya tuhuma hizi.

Ulaya ilipitia njia iyo hiyo. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot aliandika kitabu kizima kuwatetea waliokuwa wakishtakiwa uchawi, na alipowaeleza watu hao ni akina nani, alitaja uzee, ulemavu na macho mabovu. Miaka karibu mia nne na maelfu ya maili vinatenganisha vijiji vya Kent na vijiji vya Usukuma. Jiko la moshi na mjane asiye na mtetezi vilikuwako kotekote.

Je, anayeuliza kwa nini mtoto wake amekufa ni mjinga? Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, alieleza mfano wa ghala lililoanguka na kuumiza watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lilianguka saa ileile na juu ya watu walewale. Sayansi hujibu nusu ya kwanza na kunyamaza kwenye ya pili. Husema ni sadfa, na sadfa si jibu bali ni jina la kukosekana kwa jibu. Swali la nusu ya pili ni halali, na kila aliyefiwa huliuliza. Hatari haimo ndani ya swali. Imo katika haraka ya kulijibu kwa kitu cha kwanza kilicho karibu, hasa kitu hicho kikiwa na uso.

Dini mbili kubwa za ukanda huu zina neno juu ya haraka hiyo, na neno lenyewe ni kali kuliko linavyohubiriwa kwa kawaida. Mwaka 632 alipofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad, jua lilipatwa siku hiyohiyo, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Kama kuna wakati ambapo dalili ingeweza kukubaliwa kwa heshima ya mfiwa, ulikuwa huo. Mtume alikataa. Alifundisha kwamba jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote, akaamuru watu wasali. Qurani huitaja mvua, usiku na mchana, na ardhi inayofufuka baada ya kufa, kuwa ishara kwa wenye kutafakari. Zote zinaelekeza kwa Muumba, na hakuna hata moja inayomnyooshea kidole jirani. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Waliyasoma macho yake kama shtaka. Yesu alikataa pande zote mbili za swali, kisha akamponya. Katika Luka, habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane ina jibu la aina hiyohiyo: waliokufa hawakuwa wakosefu kuliko wengine. Yesu huyohuyo, katika Mathayo, anawakubalia wasikilizaji wake kwamba wanajua kuisoma rangi ya anga jioni na asubuhi. Anga linasomeka. Maafa ya mtu hayageuzwi kuwa hati ya mashtaka yake.

Ni kweli kwamba maandiko hayohayo yametumiwa kinyume. Katazo la Torati juu ya wachawi lilikuwa mikononi mwa mahakimu wa Ulaya walipowachoma wanawake, na hata leo wapo wahubiri wanaotaja majina ya ndugu wa wagonjwa kwenye mikutano ya uponyaji. Mhubiri anayefanya hivyo anafanya kazi ya mpiga ramli, akiwa ameshika kitabu. Katika ramli ya Kisukuma kuku hupasuliwa, na mfumu, yaani mganga mpiga ramli, husoma alama mabawani na matumboni ili aeleze chanzo cha balaa. Wafumu wenye busara huishia kwenye upande wa ukoo au deni la mizimu na kuagiza tambiko, pasipo kumtaja mtu aliye hai. Mfumu wa namna hiyo yuko karibu zaidi na mafundisho ya Injili na ya Mtume kuliko mhubiri anayetaja jina.

Sheria imejaribu kuweka mpaka wake. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda. Washtakiwa walimkuta mtu waliyemshuku kwa uchawi akitambaa uchi usiku katika ua wa nyumba, wakamuua. Mahakama ilikubali kwamba kitendo hicho, mbele ya watu wenye imani yao, kilikuwa uchokozi, na kosa likapunguzwa kutoka mauaji ya kukusudia. Miaka kumi baadaye, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama hiyohiyo iliufunga mlango uliokuwa ukielekea kupanuka: imani peke yake, hata ikiwa ya kweli moyoni, haitoshi, lazima kuwe na kitendo cha wazi kilichofanyika mbele ya mshtakiwa. Majaji hawakuamua kama uchawi upo. Waliamua kwamba mtu anaweza kujibia alichotenda, na hawezi kujibia jinsi anavyoonekana. Macho mekundu hayajawahi kuwa kitendo.

Mpaka wa sheria hufika baada ya kaburi, kwa hiyo kazi nyingine imefanyika upande wa chanzo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulikuwa wa kurudisha miti. Uliirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyapumzisha mpaka kiangazi. Ngitili zilizokuwa takriban hekta 600 wakati mradi unaanza zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuni zikasogea karibu na nyumba. Huko Magu, mkoani Mwanza, shirika la HelpAge na wenzake wa shirika la wenyeji la Maperece waliwasaidia wazee kujenga majiko sanifu yenye moshi mdogo, wakiwa na hesabu ya wazi: moshi ukipungua, macho hupona, na dalili hukosa cha kushikilia. 

Kinachobaki ni ardhi. Jiko sanifu halimwondoi shemeji anayelitaka shamba. Atapata dalili nyingine, paka mweusi, bundi juu ya paa, ndoto ya mgonjwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na halmashauri za vijiji hutoa hati za hakimiliki ya kimila zinazoweza kuandikwa kwa jina la mke na mume pamoja. Pale Bukombe, ambako mashamba ya mpunga na mahindi yamepanda thamani kadiri machimbo na barabara vilivyoleta watu, mjane ambaye jina lake limo kwenye hati hiyo yuko katika hali tofauti na ya mama yake. Anayetaka kumwondoa atalazimika kwenda kwenye vyombo vya kusikiliza migogoro ya ardhi akiwa na kitu cha kuonyesha, na huko atakayeshindwa kuthibitisha madai yake ni yeye aliyeyaleta.